Mlango wa Ubavuni

Wapendwa, tegeni sikio kidogo. Palikuwa na mzee wa kanisa mmoja, mtu wa msimamo, aliyefiwa na mpwa wake katika moto wa klabu ya muziki. Wengi waliteketea siku ile. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo ili watu wasiingie bila kiingilio, na miili ilikutwa imelundikana mbele yake.

Mzee alilia, kisha akajifunga kibwebwe. Akamsumbua diwani, akasimama kila mkutano, mpaka sheria ikapita: penye mkusanyiko, mlango wa dharura usifungwe watu wakiwa ndani. Mji mzima ukampongeza, na alistahili.

Jumapili moja afande wa zimamoto akaja kukagua kanisa la mzee. Ibada inaendelea, akajaribu mlango wa ubavuni. Haufunguki.

"Mzee, huu vipi?" akamnong'oneza.

"Huo tunaufunga mahubiri yakiisha, mwanangu. Tukiuacha wazi, watu wanachoropoka kabla ya harambee ya paa."

"Hata wenye klabu walikuwa na sababu yao, mzee."

"Usitufananishe na walevi! Hii ni nyumba ya Mungu."

Afande akaitazama kona ya mlango ule. Akina mama walijaa tele, watoto mapajani, na katikati yao dada wa yule mzee, mama wa mpwa aliyeteketea.

"Na mama huyu atatokea wapi?"

Mzee akamtazama mama huyo. Alimpenda dada yake, msidhani vinginevyo. "Tuvumilie tu mpaka paa liishe," akasema. Afande akaona haya kubishana na mtu mwenye mvi, akaenda zake.

Sasa mnangoja niwaambie kanisa liliungua, siyo? Halikuungua. Paa liliisha, ikaja harambee ya sakafu, na mlango unafungwa hadi leo. Dada yake bado anakaa pale pale.

Je, sisi tuna tofauti gani naye? Sheria ikimbana mwenye baa, tunaitikia amina. Ikibisha hodi kwetu, tunaomba muda. Nani kati yetu hana sababu nzuri ya kuwafungia wenzake?

Wala sisemi mambo ya rohoni peke yake. Asubuhi nilipoingia nilishika kitasa cha mlango ule wa kushoto, ukakataa. Ufunguo anao nani? Simama, ndugu yangu, nenda kaufungue. Tutaomba ukisharudi.