Barua ya Bwana Kisanga

"Mama, mtaa wako haupati fedha za fidia za serikali. Kelele za uwanja wa ndege hazifiki huku," alisema Bwana Kisanga, ofisa wa wizara.

"Zinafika, baba. Watoto darasani hawamsikii mwalimu."

"Unatia chumvi."

"Haya, yaishe," alisema Bi Sikudhani, mwenyekiti wa mtaa. "Ila wasomee watu mwenyewe hiyo barua yako ya kutunyima, wasije wakasema fedha nimezila mimi. Kesho saa nne, mkutanoni ofisini kwangu."

Saa nne ndege zilipaa mfululizo. Bwana Kisanga alirudia sentensi ya kwanza mara tano, kisha akaikunja barua.

"Hapa hapasomeki kitu kwa kelele hizi."

Karani wa mtaa aliyaandika maneno hayo kwenye muhtasari wa mkutano. Bi Sikudhani akamwahi mgeni mlangoni, kalamu mkononi.

"Tia saini hapa, baba, au nikurudishie watu uwasomee tena?"