Kiboko Aliyetaka Mbele ya Namba Moja

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na kikapu.

Kikaning'inia.

Palikuwa na mpira.

Ukadunda.

Na waliokuwa wakibishana?

Wanabishana mpaka leo.

Haya, sogeeni, na wewe mwenye karanga tafuna polepole, nisije nikashindana na meno yako.

Zamani hizo wanyama walikuwa na vyuo vyao, na kila chuo kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya majike. Madume nao walikuwa na timu zao, lakini hao hawatuhusu leo. Kikapu chenyewe kilikuwa kikapu kweli, cha ukindu, kimetobolewa kitako na kufungwa juu ya mti. Mpira ulikuwa utomvu wa mbungo, umeviringwa na kuviringwa mpaka ukawa mgumu. Ukiutupa chini unarudi: du, du, du.

Kila mwaka, kabla msimu haujaanza, wanyama walikutana penye chumvi, pale wanapokwenda kulamba, wapange nafasi. Nani wa kwanza, nani wa pili, nani wa tatu, mpaka wa mwisho. Mtaniuliza walipangaje na mpira haujadunda. Walipanga kwa mdomo. Aliyesema sana alipanda, aliyenyamaza alishuka, na aliyesema sana huku ana mwili mkubwa alipanda zaidi. Ndivyo ilivyokuwa, mimi sikuwapo.

Mwenyekiti alikuwa Bibi Tembo, ambaye alicheza zamani mpaka magoti yakamkataa. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila nahodha anaomba nafasi kwa mdomo wake mwenyewe, na aliyekubaliwa anaitamka mara tatu. Akishaitamka, Bibi Tembo anakanyaga ardhi, tii, na likishakanyagwa halibadilishwi mpaka msimu uishe. Na atakayekuwa namba moja anachagua uwanja wowote anaoupenda, uwe wake, uwe wa jirani, mwenyewe ahame.

Sasa kulikuwa na pimbi mmoja anaitwa Kidawa. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa mawe, kimo cha sungura, mkia hana. Kidawa alikuwa nahodha wa Chuo cha Majabalini, na timu yake kila mwaka ilikuwa ya mwisho. Si kwamba walionewa. Walikuwa wabovu. Mpira ulikuwa unakaribia kuwazidi kimo, na wakiurusha juu mara nyingi uliwarudia kichwani.

Ila uwanja walikuwa nao. Lilikuwa jabali tambarare juu ya kilima, linapigwa na jua tangu asubuhi, na hakuna mahali pengine mpira ulidunda vizuri kama pale. Na chini ya jabali, ndani ya nyufa, ndimo pimbi wote walimoishi. Humo ndimo walimokuwa mama zao na bibi zao na vichanga vyao.

Huko chini kilikuwepo Chuo cha Mtoni, na nahodha wake alikuwa Kiboko. Kiboko alikuwa na mto. Alikuwa na matete ya kando ya mto, na majani ya ng'ambo ya mto. Uwanja wake ulikuwa mkubwa kuliko wote, lakini wa matope. Ukidundisha mpira pale, fwata, unabaki hapo hapo. Kwa hiyo timu ya Kiboko haikujua kudundisha. Waliukumbatia mpira wakatembea nao, na nani angewazuia.

Asubuhi moja Kiboko akapanda kilima. Gu, gu, gu. Akafika jabalini, akaweka mguu mmoja juu. Kokoto zikaporomoka ndani ya nyufa, na vichanga vya pimbi vikaanza kulia.

"Hapa pazuri," akasema Kiboko. "Pana joto. Mwaka huu nikipangwa namba moja, nahamia."

Kidawa akatoka ufani, akainamisha kichwa. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Na sisi tutakwenda wapi?"

"Mtajua wenyewe. Nchi ni kubwa." Akashuka zake, gu, gu, gu, na kokoto nyingine zikaporomoka.

Kidawa aliogopa. Nawaambieni ukweli, aliogopa mpaka majani yakamshinda kutafuna. Timu nzima ya viboko ikifanya mazoezi juu ya jabali lile, nyufa zitazibika, na waliomo ndani watafungiwa humo. Mwenzake mmoja, Mwanahamisi, mlinzi wa timu, akamwambia, "Twende penye chumvi tukampinge. Tuseme hafai kuwa wa kwanza, hata kudundisha hajui."

"Tuseme sisi?" akauliza Kidawa. "Sisi wa mwisho? Nani atatusikiliza?"

"Basi tufanyeje?"

Kidawa akafikiri. Akakuna sikio, akafikiri tena. Halafu akasema, "Kiboko kumteremsha hatumwezi. Labda tumpandishe."

Mwanahamisi hakuelewa, na Kidawa hakumweleza, akateremka kwenda mtoni.

Akamkuta Kiboko ndani ya maji, masikio tu yako nje. "Hodi, shangazi."

Chubwi. Kichwa kikatoka. "Umekuja kunililia?"

"Hapana. Nimekuja kukusikitikia."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Nasikia unataka namba moja."

"Si nataka. Naichukua."

"Ndiyo hiyo, shangazi. Namba moja. Mwaka jana alikuwa nayo Twiga. Mwaka juzi alikuwa nayo Nyani. Nyani, shangazi, na lile kalio lake. Na wewe, na mwili wote huo, uende ukakae pale pale alipokaa Nyani?"

Kiboko akapuliza maji puani, puh. Ni kweli, hilo hakuwa amelifikiria.

"Sasa kuna nafasi gani nyingine?" akauliza.

"Ningekuwa wewe ningeomba niwekwe mbele ya namba moja."

"Mbele ya namba moja kuna nafasi?"

"Mbele hapakosi nafasi, shangazi. Ni hakuna aliyewahi kuthubutu kuomba."

Kiboko akatabasamu, na tabasamu la Kiboko si kitu cha kutazama ukiwa karibu. "Wewe mtoto una akili," akasema. "Siku nikihamia jabalini nitakuacha ukae pembeni kidogo."

"Ahsante, shangazi," akasema Kidawa, akaondoka.

Siku ya kupanga ikafika. Wanyama wakajaa penye chumvi. Kasuku, mpiga mbiu, akatua juu ya kichuguu akaanza kutoa maoni. Kasuku huyu hajawahi kukaa mechi hata moja mpaka mwisho, lakini maoni alikuwa nayo mengi kuliko wachezaji.

Twiga akasimama. "Kombe la mwaka jana tulichukua sisi. Tupangwe wa kwanza."

"Mlichukua na yule mrefu wenu," akasema Nyani. "Yule si amemaliza chuo?"

"Wako wengine nyuma yake."

"Mrefu asiyeinama, mpira wa chini atauona saa ngapi? Tupangwe sisi. Sisi tuna mikono."

"Mna mikono ya kuibia mahindi," akasema Swala. "Sisi mwaka huu tumepata wawili waliohamia kwetu kutoka Chuo cha Nyikani. Mbio zao hamjaziona."

"Wamehama au wamefukuzwa?" akauliza Kasuku.

"Wamehama."

"Mimi nimesikia wamefukuzwa."

Wakabisha, wakabisha, jua likapanda. Twiga akataja urefu, Nyani akataja mikono, Swala akataja mbio. Wakabisha, wakabisha, jua likafika utosini. Twiga akataja urefu uleule, Nyani akataja mikono ileile, Swala akataja mbio zilezile. Hakuna aliyembadilisha mwenziwe hata unywele. Kidawa alikaa kimya pembeni, moyo unamwenda du, du, du, anamtazama Kiboko tu.

Kiboko akapiga mwayo, kinywa kikafunguka chote. Ubishi ukakatika.

"Nani mkubwa hapa, ukimtoa Bibi Tembo?" akauliza Kiboko.

"Wewe," wakasema.

"Nikisimama chini ya kikapu, nani atanitoa?"

Swala akasogea nyuma hatua moja.

"Basi mnabishana nini?"

Twiga akakaa. Nyani akakaa. Swala akakaa. Bibi Tembo akatazama huku, akatazama huku, akaona hakuna wa kusema zaidi. "Haya, Kiboko," akasema. "Itamke nafasi yako mara tatu. Namba moja."

"Sitaki namba moja," akasema Kiboko.

Wanyama wakatazamana. Kasuku akakosa maoni, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Unataka nini, basi?" akauliza Bibi Tembo.

"Nataka kuwekwa mbele ya namba moja."

"Una hakika?"

"Mbele ya namba moja," akasema Kiboko kwa sauti kubwa zaidi, maana aliona wote wanamshangaa, akadhani ni heshima. "Sikieni vizuri. Mbele ya namba moja."

Imetimia mara tatu. Bibi Tembo akainua mguu. Tii. Vumbi likapanda.

Hapo ndipo Kidawa alipoinua mkono wake mdogo. "Bibi, samahani. Sisi ni wa mwisho kila mwaka, hesabu za huku juu hatuzijui vizuri. Mbele ya moja ni ngapi?"

Bibi Tembo alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akahesabu kwa mkonga, akiuchora mchangani. "Moja," akasema. Akasogea mbele hatua. "Mbili. Mbele ya moja ni mbili."

"Kwa hiyo shangazi Kiboko ni namba mbili?"

"Ni namba mbili."

"Hapana," akasema Kiboko. "Mimi nilisema mbele. Mbele ya upande huu."

"Upande upi, mwanangu?" akauliza Bibi Tembo.

"Upande wa kabla."

Bibi Tembo akarudi kinyumenyume mpaka kwenye moja, akarudi na hatua nyingine, akachora duara mchangani. "Kabla ya moja ni sifuri," akasema. "Unataka sifuri?"

Kiboko akaitazama sifuri. Akaitazama mbili. Akafungua kinywa, na wote wakajua kwamba kinachotoka humo sasa si mwayo. Kidawa akaona akichelewa kidogo tu jabali limekwenda, maana Kiboko akikasirika hakuna cha mkonga wala cha utaratibu. Akaanza kupiga makofi. Pa, pa, pa.

"Hongera, shangazi," akasema kwa nguvu zake zote. "Tangu tuanze kupanga hapa hatujaona aliyepewa namba moja akajishusha."

Wanyama wakapokea makofi. Wengine walipokea kwa kuwa waliamini, na wengine kwa kuwa walikuwa na njaa na walitaka kurudi nyumbani. Pa, pa, pa. Twiga akasema alikuwa hajui kwamba Kiboko ana moyo wa namna ile. Nyani akasema yeye alijua siku zote. Bibi Tembo akamshika Kiboko bega kwa mkonga, akamwambia, "Mwanangu, umenitoa machozi."

Sasa Kiboko aseme nini? Aseme hakujishusha, alijikweza akakosea kuhesabu? Akafunga kinywa polepole. "Ndivyo nilivyolelewa," akasema.

"Na namba moja?" akauliza Kasuku. "Nikatangaze nani?"

Bibi Tembo akawatazama waliobaki. Twiga akasimama kutaja urefu, Nyani akasimama kutaja mikono, Swala akasimama kutaja mbio, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. "Namba moja haina mtu mwaka huu," akasema Bibi Tembo. "Hakuna wa kuchagua uwanja. Kila mtu abaki kwake." Akakanyaga, tii, akaenda zake kupumzisha magoti.

Kasuku akaruka akitangaza, "Namba moja, hakuna. Namba mbili, Kiboko, mnyenyekevu. Wa mwisho, pimbi." Maana wa mwisho hakuna aliyembishia.

Msimu ukaanza. Mechi ya kwanza pimbi walipelekwa kucheza na Kiboko, huko mtoni kwenye matope. Kiboko akaukumbatia mpira akatembea nao mpaka kwenye kikapu. Akarudi, akaukumbatia tena, akatembea nao tena. Mpira ukidondoka, fwata. Mwanahamisi akiufuata, fwata na yeye. Walifungwa, na walifungwa vibaya, mpaka mhesabu mabao akaomba aruhusiwe kuacha.

Wakapanda kilima jioni, tope mpaka masikioni. Mwanahamisi alikuwa amenuna. "Tumefungwa," akasema.

"Tumefungwa sana," akasema Kidawa. Akajitupa kifudifudi juu ya jabali, likiwa bado na joto la jua, akaweka sikio chini. Akasikia vichanga vikigombana ndani ya nyufa, na bibi mmoja akivikaripia vilale. Akafurahi mpaka akacheka peke yake.

Hapo ndipo nilipoushika mpira, hapo ndipo ninapouweka chini. Mwenye kubisha ampandie Kasuku kichuguuni.

Na funzo lake, watoto, mlishike vizuri mlipeleke nyumbani: siku mkipewa namba moja, jishusheni mkaikatae, kama Kiboko, ambaye mpaka leo anasifiwa kwa unyenyekevu wake. Wala msije mkamwiga Kidawa. Huyo alikuwa wa mwisho, na wa mwisho ana nini cha kumfundisha mtu?