Merikebu ya Sita

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla ya mapambazuko, na Mzee Edouard akaruka kitandani kama kijana aendaye harusini. Siku ya maonyesho ya stempu ilikuwa imefika!

Karani huyo mstaafu wa posta alikuwa na picha ya vita vya baharini vya karne ya kumi na nane: stempu sita zinazounganishwa kuwa picha moja, mizinga ikitema moto. Lakini alikuwa nazo tano tu. Katikati palikosekana merikebu ya mkuu wa vita, na kila mwaka wenzake walimtania, "Edouard, vita yako iko bila mukubwa!" Kwa uzee wake, alikuwa ameamua mwaka huu uwe wa mwisho kwake kushiriki.

"Leo miguu inaniluma," mkewe Jeanne alisema akimmiminia chai. "Enda we mwenyewe kwa Alexis, ukamate veste yako ya kuvaa leo."

Alexis alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, asiyejua kusoma. Zamani, alipokuwa akichanganya nguo za watu hadi wanamfokea, Edouard alimletea bahasha ya stempu kuukuu, bila kuzikagua, ziwe alama za nguo. Tangu hapo kila mteja alikuwa na stempu yake, imebandikwa kwenye kipande cha katoni kilichofungwa kwenye nguo yake. Edouard alikwisha kuisahau bahasha hiyo.

"Papa! Leo we mwenyewe!" Alexis alicheka, akishusha koti. "Yako ni hii ya bateau kubwa. Mama Jeanne anaijua."

Edouard alitazama katoni. Akaivuta karibu na macho. Merikebu ya sita!

Alexis alinyoosha kucha aibandue.

"Usiguse! Ulibandika na nini?"

"Na bukari tu, papa. Sikukuwa na colle."

Ugali! Basi maji vuguvugu yangetosha. Wakaitumbukiza katoni sahanini, wakangoja. Polepole stempu ikajitenga, ikaelea kama jani, hakuna jino la ukingoni lililokatika. Alexis akaikausha katikati ya vitambaa viwili, taratibu, kama anayemfuta mtoto mchanga uso.

Katika ukumbi wa maonyesho, picha ikiwa imekamilika, hakuna aliyecheka. Walipiga makofi hadi mzee akatoa leso.

Jioni alirudi dukani na zawadi mkononi. Alexis akaikataa.

"Mi sitaki kitu, papa. Uliniondolea haya wakati bote walikuwa wananitukana. Uniletee tu tembre ingine ya kuweka kwa nguo zako. Na urudie tena kutuona, we mwenyewe!"

Hakika, wema hauozi.