Jumbe Nyati Apiga Hodi Kwake

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakitwanga na kupika kama sisi, palikuwa na bonde liitwalo Kizingo. Sogeeni karibu, nanyi huko nyuma acheni kusukumana.

Kizingo ilizungukwa na majabali marefu pande zote. Mlango ulikuwa mmoja tu, mwanya mwembamba juu kabisa, nao ulizibwa kwa miiba. Mlinzi wake alikuwa Ngiri. Mtawala wa bonde alikuwa Jumbe Nyati.

Kila asubuhi Jumbe alisimama uwanjani akaipiga ngoma kuu iliyochongwa na mababu. Tu! Tu! Tu-tu-tu! Na majabali yakajibu: tu... tu... tu-tu-tu...

"Mnasikia?" alinguruma Jumbe. "Dunia nzima inatuitikia! Kuna nchi kama yetu?"

"Haipooo!" walijibu wote.

Mnacheka? Ninyi mnaujua mwangwi. Wao, karibu wote, hawakuujua, maana hakuna aliyewahi kutoka. Amri ya Jumbe ilikuwa fupi: atakayevuka miiba ni mgeni, na mgeni haingii Kizingo.

Sasa, mwaka huo mtama uliingiwa na ugonjwa mweusi, na huo ulikuwa msimu wa tatu mfululizo. Ukishika suke, linapukutika vumbi tupu mkononi. Bi Pimbi, yule mdogo asiye na mkia anayekaa kwenye nyufa za jabali, alikuwa na watoto watatu. Siku hiyo aliwapikia uji wa unga wa mwisho, wakalamba chungu mpaka kikang'aa.

Bi Pimbi akashuka kwa Jumbe.

"Shikamoo, Jumbe. Nimechungulia kule juu. Ng'ambo mashamba yamestawi. Turuhusu tukaombe mbegu."

"Mbegu ya kigeni? Katika udongo wa babu zangu? Afadhali tufe njaa na heshima yetu!"

Bi Pimbi alirudi kwake akalia, nawaambia kweli, alilia sana. Akifuata mbegu, hatarudi kwa watoto wake. Akikaa, watoto watakufa mbele yake. Kisha akafuta machozi, akaanza kufikiri.

Kesho yake, ngoma ilipokwisha kulia, akaja mbio.

"Jumbe wee! Leo dunia imeitikia kwa unyonge. Kumbe tunaipigia ngoma shimoni! Ingepigwa kule juu, dunia si ingetetemeka?"

Jumbe akavimba kichwa. "Hayo ndiyo maneno!"

Akajitwika ngoma, akapanda. Heh, heh, heh! Mawe yakaporomoka, paruu! Wanyama wote wakatoka majumbani kumtazama. Kule juu Ngiri akaondoa miiba.

"Hapo pamebana, Jumbe," alisema Bi Pimbi, amekaa juu ya jiwe lake upande wa ndani. "Sogea mbele kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo!"

Jumbe akapiga. Tu! Tu! Tu-tu-tu!

Kimya.

Akatega sikio. Akapiga tena mpaka kwato zikamuuma. Kimya.

"Dunia imekufa?" aliuliza.

Ndipo akainua macho. Wajukuu zangu, sijui niwaeleze vipi. Hapakuwa na ukuta! Nyika ilikwenda, ikakwenda, ikavuka mito miwili, ikafika kwenye milima ya buluu, na nyuma ya milima ile kulikuwa na milima mingine. Jumbe akakaa chini, puu!

Kisha, mbali kabisa: di... di-di... di. Ngoma nyingine, yenye mdundo mwingine. Ikajibu ya tatu kutoka kulia. Ikajibu ya nne, ya tano, mpaka nyika yote ikawa inalia.

"Hao wote... wapo?" alinong'ona Jumbe.

"Wapo tangu zamani," alisema Bi Pimbi pale jiweni.

"Na ile sauti ya kila asubuhi?"

"Ni yetu wenyewe, Jumbe. Mimi nakaa jabalini, huisikia ikigonga na kurudi."

Jumbe hakukasirika. Moyo wake ulikuwa umejaa mshangao, hasira ingekaa wapi?

Mara akatokea Pundamilia, anahema, na mfuko wa mtama kichwani. "Hamjambo! Ngoma tamu hii ni ya nani? Sijapata kusikia mdundo kama huu! Nikasema nisije mikono mitupu."

"Ni ya kwetu," alisema Jumbe. "Kwetu ni..."

Akageuka kumwonyesha. Hakuwahi kuliona bonde lake kutoka juu. Aliuona mto ukizunguka nyumba moja baada ya nyingine, moshi wa mafiga ukipanda, na ule uwanja wake mdogo mweupe katikati. Machozi yakamtoka.

"Kumbe kwetu ni pazuri hivi! Miaka yote nimepasifu bila kupaona. Twende, mgeni wangu."

Lakini, kwaru-kwaru-kwaru! Ngiri alikuwa amekwisha kurudisha miiba.

"Ngiri! Fungua!"

"Nani wewe?"

"Jumbe wako!"

"Aliyevuka miiba ni mgeni, na mgeni haingii."

"Amri hiyo naifuta!"

"Amri za Kizingo hutolewa na walio ndani," alisema Ngiri, mtiifu yule, macho yake yakiwa juu mbinguni.

Jumbe akamtazama Bi Pimbi pale jiweni. Hakuwa amevuka hata kwa ukucha.

"We kijitu! Umenifungia nje ya kwangu!"

"Mimi niko ndani, Jumbe. Naweza kumpokea mgeni, ikiwa siku hizi Kizingo inapokea wageni."

"Inapokea!"

"Na mbegu zao?"

"Na mbegu zao!"

"Na anayetoka, atarudi?"

Jumbe akalitazama tena bonde lake. "Atarudi," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi bisha hodi, kama wageni wanavyobisha."

Neno hilo Jumbe hakuwahi kulitamka maishani mwake. Akainamisha pembe zake kubwa.

"Hodi."

"Hatusikii," alijibu Bi Pimbi.

"Hodi! Hodi, wenyewe!"

"Karibu!" alisema Bi Pimbi, na wote kule chini wakapokea, "Karibuuu!" Majabali nayo yakarudisha: karibu... karibu... karibu...

Miiba ikafunguliwa, mtama ukaingia, na Pundamilia akafundishwa mdundo wa Kizingo ili akaupige kwao. Watoto watatu wa Pimbi walikunywa uji wakasaza. Hapo hadithi yangu imeshiba, nayo inawaachia neno hili: apendaye kwao kweli haogopi kutoka akapatazama, wala kumfungulia mgeni mlango.