Biarusi wa Kunguru

Paukwa! Pakawa. Hiyo sauti ya wagonjwa. Paukwa! Pakawa. Haya, sasa mmeamka, sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakisikiliza, palikuwa na arusi ya Mwanakheri na Shee. Asiniulize mtu nimejuaje. Nilikuwepo. Pilau ya siku ile niliipika mimi, hamjapata kuonja pilau kama ile, na sufuria langu lilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha wanawake. Pazia lenyewe lilikuwa na tundu.

Mwanakheri ameketi kitandani, ushungi umemfunika uso, hina mpaka kwenye viwiko. Mji ule biarusi hasemi mbele ya wakwe, hatii kitu mdomoni mbele ya wakwe, hafunui uso mpaka bwana arusi aingie. Na Shee alikuwa bado nje. Wakwe wakachoka kungoja, wakamwita Kunguru awasimulie kitu.

Kunguru alikuwa ametoka Norwei, kwenye barafu. Akasafisha koo.

"Miungu ya zamani ya kule," akasema, "ilikuwa na nyundo ya radi. Jitu moja likaiiba. Likasema halirudishi mpaka lipewe mke, tena mzuri kupita wote. Mwanamke aliyetakiwa akakataa. Basi mwenye nyundo mwenyewe, dume lenye ndevu nyekundu, akafunikwa ushungi, akatiwa hina, akapelekwa."

"Mwanamume?" akauliza Bi Mishi, shangazi yake Shee.

"Mwanamume."

"Na kungwi wake alikuwa wapi?"

"Kungwi naye mwanamume."

Bi Mishi akashika kifua.

"Arusini akala ng'ombe mzima," Kunguru akaendelea.

Mbuzi aliyefungwa uani akaingiza kichwa dirishani. "Mzima? Na mbuzi je?"

"Mbuzi hawakutajwa."

"Hata leo sijatajwa," akasema Mbuzi, "na kisu nimekiona."

"Kisha wakamwekea nyundo mapajani, kumbariki. Akainuka nayo, akawaponda wakwe wote."

Watu wa barafu hawajui ushungi wala hina. Hivyo alivitia Kunguru, ngano ipendeze kwa watu wa sasa. Lakini hakusema.

"Mkono wa mkwe wetu ni mkubwa," akasema Bi Mishi polepole.

Wote wakageuka. Mkono ulikuwa mkubwa kweli. Mwanakheri ametwanga tangu utotoni.

"Tumpe chakula," akasema Bi Mishi. " Mwanamke wa kweli atajizuia, dume litakula. Likila, hakuna arusi."

Wakaleta pilau yangu. "Kula, mwanangu." Hakula.

Wakaleta biriani. "Kula, mwanangu." Hakula, lakini tumbo lake likanguruma. Wanawake wakarudi nyuma.

Wakaleta kuku wa kupaka. "Kula, mwanangu." Hakula. Tumbo likanguruma mpaka vikombe vikagongana.

"Radi hiyo," akasema Bi Mishi. "Mwiteni Shee aone alichooa."

Shee akaja, akasimama mlangoni. Akaambiwa yote. Akasema, "Hata akiwa na ndevu, mimi nimeshasema nimekubali."

Hapo biarusi akafunua uso mwenyewe. Kungwi wake akakaa chini pale pale. Ndevu hazikuwepo. Alikuwepo msichana ambaye hajala tangu jana.

"Shangazi, nina njaa," akasema. "Na wewe Kunguru, yule biarusi aliwaponda wakwe kabla ya kula au baada?"

"Baada."

"Basi mimi nitakula taratibu."

Bi Mishi akaivuta ile sahani, akaanza kumtolea kuku mifupa kwa mkono wake. Tangu siku hiyo, mji ule biarusi hulishwa kwanza, wakwe wakafuata.

Ngano yangu naitua hapa, na kuni zenyewe zimekwisha. Yote niliyaona kwa jicho langu, ila moja nimelitia mimi, kwa kumhurumia bwana arusi. Pale mlangoni Shee hakusema vile. Aliuliza, "Shangazi, hizo ndevu ni ndefu?" Ndipo biarusi akafunua uso, amwoneshe.