Salamu Zilizompita Baba

Wapendwa, kulikuwa na fundi viatu mmoja, mzee mgumu kuliko soli alizozishona. Mwanawe wa pekee aliacha sindano na uzi akakimbilia machimboni. Mzee akaapa hatamsikia tena maisha yake yote.

Lakini kijana hakukata tamaa. Kila Jumapili jioni, kwenye kipindi cha salamu, mtangazaji alisoma: "Namsalimu baba yangu, fundi viatu. Baba, nisamehe." Mzee aliposikia mara ya kwanza, alichomoa betri akaitupa redio juu ya kabati.

Jirani akaja mbio. "Mzee mwenzangu, mwanao amekusalimu tena!"

"Kwangu hafiki. Nimemzima."

"Umeizima redio, yeye utamzimaje? Sauti ile haibebwi na waya wala upepo. Inapenya ukuta huu, inakupita hata wewe hapo kwenye kigoda."

"Basi na ipite."

Ikapita. Mnamwona, wapendwa? Ameinama anagonga misumari, na neno "baba" linampita kifuani asilijue.

Siku moja moyo ukamlainika. Akaanika betri juani, kama tunavyofanya sote zikichoka, akawasha mapema ili asikose salamu. Akakuta matangazo ya vifo. Jina la kijana likatajwa. Kifusi kilimfunika. "Na popote alipo baba mzazi wa marehemu, taarifa hii imfikie."

Ikamfikia. Kisha salamu zikaanza, watoto wa wenzake wakawasalimu baba zao, naye anazungusha kitufe huku na huku akilia: "Rudia, mwanangu. Mara moja tu."

Arudie nani? Wenye elimu wanasema wimbi la redio ni ndugu wa mwanga: hata huko juu kusiko na hewa linapita, na likishatoka halirudi nyuma. Zile salamu zimeshaupita mwezi, zimeshalipita jua, zinazidi kwenda na kufifia, "Baba, nisamehe," na huko hakuna baba wa kuzipokea.

Nilitamani niwape mwisho mwema. Sina. Mzee yule hakupata wa kumjibu.

Na sisi je? Tunalalamika nyumba zetu zimekuwa kimya. Kimya gani? Ni sisi tuliochomoa betri. Wewe uliyekaa hapo na Biblia mkononi, nani umemzima? Je, una hakika jioni ya leo bado anakusalimu?