Kindi Asiyeelewa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa kompyuta msituni!
— Mwongo!
— Tena mkubwa! Basi tulieni niwaongopee vizuri.

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, wanyama walijenga hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta. Lilikuwa la wote. Yeyote aliweka, yeyote alitoa, yeyote alirekebisha palipoharibika. Mama Kindi aliweka humo mahali alipofukia karanga zake, maana kindi hufukia leo, kesho kasahau.

Ukaja ukame. Watoto wakalia, "Mama, njaa!" Kindi akakimbia kwenye kompyuta, akasoma maelekezo yaliyoandikwa na Kiboko: "Mtumiaji atawasilisha hoja kwa mujibu wa utaratibu uliotajwa." Umetajwa wapi? Hakuna ajuaye! Kindi akabonyeza, ta-ta-ta! Kompyuta ikajibu, nguuu! Akabonyeza tena, ta-ta-ta! Nguuu!

"Lete tikiti nikutolee," akasema Kiboko, kajilaza juu ya maganda ya matikiti maji. Kila mwenye shida alileta tikiti. Kiboko alikula, mwap! mwap! Tumbo ndii!

Kindi hakuwa na tikiti. Alikuwa na watoto wenye njaa, na alikuwa na mdomo.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Maandishi yako matamu! Ila Ngiri anasema hata wewe mwenyewe huyaelewi."

"Mimi?"

"Nikamwambia mwongo mkubwa! Hebu nieleze, nikamnyamazishe."

Kiboko akatunisha shingo. "Mtumiaji atawasilisha hoja..."

"Sijaelewa, mzee."

"Yaani, atajitambulisha ipasavyo."

"Sijaelewa, mzee."

"Aandike jina lake!"

"Wapi, mzee?"

"Juu! Juu kabisa, kichwa maji wee!" Kiboko akafumba macho kwa hasira.

"Halafu, mzee?"

"Chini yake aandike anachotafuta! Halafu abonyeze kitufe chekundu! Ebo! Hata Kobe angeelewa!"

Kumbe kila Kiboko alipofoka, Kindi aliandika, ta-ta-ta, akifuta maelekezo ya zamani na kuweka mapya. Kobe, aliyekuwa akingoja zamu, akajikokota, akasoma, akabonyeza. Ting!

"Nimeelewa!" akapiga kelele Kobe, akacheza ngoma peke yake.

Kiboko akafumbua macho, akamkodolea Kindi. "Nani kakuruhusu kubadilisha?"

"Si ghala la wote, mzee? Na maneno yako mwenyewe. Hata jina lako nimeliacha palepale."

Kiboko angekataaje maneno yake? Kindi akabonyeza, ting! Karanga ziko chini ya mgunga, karibu na kichuguu. Akafukua, fuku-fuku-fuku! Watoto wakatafuna, kwacha-kwacha, hadi mashavu yakavimba, naye akacheka mpaka akaanguka.

Wanyama walipita wakimshukuru Kiboko kwa kuandika vizuri. Walimletea shukrani tupu. Ndiyo maana hadi leo anapanua kinywa vile: bado anangoja tikiti.

Ngano imeishia hapo. Ikiwakolea, gawaneni, isipowakolea, mshitakieni Kobe.

Na funzo lake, wanangu: msiulizeulize maswali ya kijinga. Mtakuja kuelewa, na wakubwa watakula nini?